Beki, Mkataba na Sahihi ya Mzazi

Mazungumzo kwa viongozi wa walei, wazazi na vijana wa Magindu



 Tume ya Haki na Amani imezoea kuwaletea mazungumzo juu ya mipaka ya mashamba, ugomvi wa wakulima na wafugaji, na urithi wa wajane. Leo nimetumwa kuzungumza juu ya mpira wa miguu, na najua wapo miongoni mwenu wanaojiuliza tangu lini mpira ukawa suala la haki. Sababu yenyewe imebandikwa ukutani mwa duka, na wengi wenu mmekwisha isoma.

Tangazo lile linasema kwamba wanatafutwa vijana wa miaka kumi na minne hadi kumi na saba, "hasa mabeki", wapelekwe Ulaya kucheza mpira wa kulipwa. Fomu ni shilingi elfu hamsini. Atakayechaguliwa atatoa shilingi milioni moja na nusu za pasi ya kusafiria na viza. Majaribio ni ya alasiri moja, katika uwanja wa shule. Nimeambiwa kwamba wazazi watano wamekwisha lipa fomu, na mmoja wao ameuza ufuta wake wote kwa bei ya chini ili awe na ile milioni na nusu mkononi siku ikifika. Simlaumu mzazi huyo. Ninyi nyote mnazijua kazi zilizopo hapa: jembe, mifugo, mkaa, na pikipiki ambayo ni mali ya mtu mwingine. Akija mtu na habari ya mshahara wa Ulaya, mzazi anayempenda mwanawe atazibaje masikio?

Wala sikuja kuwaambia vijana wabaki nyumbani. Wapo Watanzania waliokwenda wakafanya kazi yao vizuri wakalipwa. Babu zenu wanamkumbuka Sunday Manara, yule aliyeitwa "Kompyuta", aliyekwenda kucheza Uholanzi katika miaka ya 1970, wakati ambapo mchezaji wa hapa nyumbani alihesabiwa kuwa wa ridhaa tu. Vijana nao wanamjua Mbwana Samatta, aliyetoka Simba akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2011, na Januari 2016 akaingia Genk ya Ubelgiji. Hao wote ni watu wa mbele, watu wa kufunga magoli. Mimi katika ujana wangu nilikuwa beki, na tangazo limetaja mabeki, kwa hiyo mniwie radhi nikimzungumzia beki.

Chukueni safari ya Novatus Dismas Miroshi. Alizaliwa Septemba 2002. Alilelewa kimpira katika klabu ya Azam, pale Chamazi, mahali penye uwanja, makocha na kumbukumbu zilizoandikwa za kila kijana. Kutoka hapo alitolewa kwa mkopo kwenda Biashara United ya Mara, timu isiyo na fahari kubwa, akacheza Ligi Kuu mbele ya mashabiki wa Musoma. Mwaka 2021, akiwa amekwisha timiza miaka kumi na minane, alikwenda Israel kuichezea Maccabi Tel Aviv. Maccabi nao hawakumweka mara moja katika kikosi chao cha kwanza, bali walimkopesha kwa timu ndogo ya Beitar Tel Aviv Bat Yam. Mwaka 2022 akahamia Zulte Waregem ya Ubelgiji, na mwaka uliofuata klabu hiyo ikashuka daraja. Hapo ndipo Shakhtar Donetsk ya Ukraine ilipomchukua kwa mkopo kwa msimu wa 2023/24, akacheza Ligi ya Mabingwa Ulaya, ambako Mtanzania aliyemtangulia ni Samatta peke yake. Mwaka 2024 akaenda Göztepe ya Izmir, nchini Uturuki, klabu iliyokuwa imepanda daraja mwaka huohuo.

Hesabuni wenyewe. Klabu saba, na mara tatu alikuwa mtu wa mkopo. Makocha wamempanga beki wa kushoto, wamempanga kiungo, naye akakubali. Mimi ninaiona safari hiyo kama ya fundi mwashi anayehama kutoka jengo moja hadi jengine, na kila mahali msimamizi mpya anataka kwanza auone ukuta wake. Hakuna hata hatua moja ambayo alichaguliwa kwa alasiri moja.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye kiini cha mazungumzo yangu. Mshambuliaji ukimtazama nusu saa unaweza kupata habari zake. Mpe mpira, mwone anavyomtoka mtu, mwone anavyopiga. Hata mtu asiyejua mpira anaona goli. Picha za magoli yake zinakusanywa katika simu, zinatumwa kwa mwenye klabu aliye mbali, naye anaelewa. Beki hana picha za namna hiyo. Kazi njema ya beki ni hatari ambayo haikutokea. Alisogea hatua mbili kabla pasi haijapigwa, na kwa sababu hiyo pasi haikupigwa kabisa. Nani atapiga picha ya pasi isiyopigwa? Alimwita mwenzake arudi nyuma, mwenzake akarudi, winga wa upande wa pili akaghairi. Mtazamaji ameona mpira ukirudishwa katikati, basi. Beki anajulikana kwa kutazamwa muda mrefu, siku ya mvua na siku ya jua, timu yake ikiongoza na timu yake ikiwa imelemewa. Anajulikana siku ya makosa yake, kama anajificha baada ya kukosea au anaendelea kuuomba mpira.

Kwa hiyo mtu anayekuja Magindu alasiri moja kuchagua mabeki, ama haijui kazi ya beki, ama hakuja kuchagua mabeki. Nimejiuliza pia kwa nini aliandika "hasa mabeki", na jibu nililolipata halinifurahishi. Kijana anayejiita mshambuliaji akikosa kufunga, baba yake aliyesimama pembeni ataona na atasita kutoa fedha. Beki je? Yule bwana akisema, "Mama, mwanao ana kipaji kikubwa, ila wewe huwezi kukiona," mama atambishia kwa lipi?

Makosa ya beki, kwa upande mwingine, kila mtu huyaona. Januari 17, 2024, Taifa Stars ilipambana na Morocco katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika kule San Pedro, Ivory Coast. Tulikuwa tumebanana katika kibanda cha kuonyeshea mpira, mimi na wazee wenzangu wawili tumepewa benchi la mbele kwa heshima ya mvi. Tulikuwa nyuma kwa goli moja. Kipindi cha pili Novatus akatolewa kwa kadi nyekundu, Morocco wakaongeza magoli mawili. Maneno yaliyosemwa kibandani juu yake siwezi kuyarudia mbele ya akina mama. Mshambuliaji angekosa magoli matatu siku ile, tungesema bahati haikuwa yake. Hiyo ndiyo kazi ambayo tangazo linawaitia watoto wenu, na mzazi aijue kabla ya kuuza ufuta.

Kuna jambo jingine katika safari ya kijana huyu ambalo Tume haiwezi kulinyamazia, nalo ni vita. Shakhtar ni klabu ya mji wa Donetsk. Uwanja wake mkubwa ulifunguliwa mwaka 2009, na mwaka 2014 vita vilipoingia mashariki ya Ukraine, klabu ilihama mji wake. Imecheza Lviv, imecheza Kharkiv, imecheza Kyiv, kama familia ya wakimbizi inayopanga chumba hapa na pale. Februari 2022 vita vikaenea nchi nzima. Mwezi uliofuata FIFA iliwaruhusu wachezaji wa kigeni waliokuwa Ukraine kusimamisha mikataba yao na kwenda kucheza kwingine, na wengi wakaondoka. Mechi za Ulaya za msimu ule wa 2023/24 Shakhtar ilizichezea Hamburg, Ujerumani, ikauita uwanja wa watu kuwa nyumbani. Huko ndiko ilikoifunga Barcelona goli moja kwa bila, Novemba 7, 2023. Mechi za ligi ya nyumbani zilichezwa Ukraine kwenyewe, na king'ora cha ndege za vita kikilia, refa husimamisha mchezo na wachezaji hukimbilia mahali pa kujificha.

Sisemi kwamba Novatus alikosea kwenda. Alikuwa mtu mzima, alijua aendako, na mwisho wa msimu klabu ilitwaa ubingwa wa ligi na kombe la nchi. Nasema tu kwamba nafasi zile zilipatikana kwa sababu wengine walikuwa wameziacha, na walioziacha walikuwa na sababu. Mara nyingi mlango unaofunguliwa kwa kijana wa nchi maskini ni ule ambao wenye uchaguzi wameuacha wazi wakitoka. Mzazi ana haki ya kuuliza: mwanangu anakwenda nchi gani, katika mji gani, na huko kuna amani?

Sasa nije kwenye lugha yetu wenyewe. Gazeti likiandika kwamba mchezaji fulani "ameuzwa", tunasoma tukapita. Ndugu zangu, sisi ni watu wa Mkoa wa Pwani. Bagamoyo haiko mbali, na kila mtoto wa shule anajua ni biashara gani ilifanyika pale. Ingefaa neno hilo litushtue kidogo. Kinacholipiwa klabu moja inapomchukua mchezaji wa klabu nyingine ni mkataba ambao haujaisha. Mtu mwenyewe hana bei. Mkataba ukiisha, mchezaji yu huru kwenda atakako. Haki hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Mbelgiji mmoja, Jean-Marc Bosman, alizuiwa na klabu yake ya Liège kwenda Ufaransa mwaka 1990 ingawa mkataba wake ulikuwa umekwisha. Akafungua kesi, akakaa mahakamani miaka mitano, na Desemba 15, 1995 Mahakama ya Jumuiya ya Ulaya ikampa ushindi. Wachezaji wa Ulaya wa baada yake wametajirika kwa hukumu ile. Yeye mwenyewe mpira wake ulikuwa umekwisha wakati akisubiri, na maisha yake ya baadaye yalikuwa ya dhiki.

Nimefika mahali ambapo nilitamani kuparuka, lakini Katibu wa Tume aliniambia kwamba nisiposema hili, niliyokwisha yasema hayatakuwa na uzito.

Mwaka 2017 dada yangu, ambaye ni mjane, aliniletea karatasi. Mwanawe alikuwa na miaka kumi na sita, beki mrefu, mtulivu, mwenye kichwa cha kuutafuta mpira. Mtu mmoja alikuwa amemwona katika bonanza, akaahidi kumpeleka nchi nyingine ya Afrika kwa majaribio, na kutoka huko Ulaya. Karatasi ilikuwa ya kurasa nne, kwa Kiingereza. Dada yangu aliniletea kwa sababu mimi ni mwalimu, na kaka wa mama ndiye husimama mahali pa baba. Nami Kiingereza cha sheria sikukielewa. Niliona aibu kumwambia dada yangu kwamba sielewi. Nikaisoma kwa kutikisa kichwa kama mtu anayeelewa, nikaweka sahihi yangu mahali palipoandikwa jina la mlezi.

Kijana aliondoka kwa basi. Walipovuka mpaka, pasi yake ya kusafiria ilichukuliwa "kwa usalama". Walilala vijana kumi katika chumba kimoja. Majaribio yaliyoahidiwa yakawa mechi za mtaani ambazo watu walikuwa wakizichezea kamari. Mwezi wa nne aliumia goti. Hakupelekwa hospitali, alipewa dawa ya kuchua na kuambiwa apumzike siku tatu. Alirudi baada ya miezi saba, nauli tukiwa tumeichanga hapa nyumbani, na goti hilo mpaka leo likibadilika hali ya hewa analijua kabla ya redio. Ndipo nilipoipeleka karatasi kwa mwanasheria wa kujitolea akanisomea. Ilisema kwamba kijana atampa yule mtu sehemu arobaini katika kila mia ya mapato yake yote kwa miaka kumi, na kwamba gharama zote ni deni juu ya mlezi. Mlezi ni mimi. Dada yangu hajanilaumu hata siku moja, jambo ambalo linanielemea zaidi kuliko kama angenilaumu. Mpwa wangu sasa ni fundi pikipiki. Yumo humu ndani, ameniruhusu kusimulia, ila ameomba nisilitaje jina lake.

Kama mwaka ule ningejua yale ninayowaambia sasa, nisingehitaji Kiingereza.

Kanuni za FIFA juu ya uhamisho wa wachezaji, katika kifungu chake cha kumi na tisa, zinakataza mchezaji aliye chini ya miaka kumi na minane kuhamishiwa klabu ya nchi nyingine. Zipo ruhusa chache, kama vile wazazi wenyewe kuhamia nchi ile kwa sababu isiyohusu mpira, au kijana na klabu kuwa karibu sana na mpaka, au nchi zile za Ulaya zenye makubaliano yao wenyewe kwa waliotimiza kumi na sita. Mtoto wa Magindu hamo katika ruhusa hizo. Kwa hiyo tangazo linalowaita vijana wa miaka kumi na minne hadi kumi na saba waende kucheza Ulaya linaahidi jambo lililokatazwa. Yatosha kusoma hapo tu. Mkumbuke kwamba Novatus aliondoka akiwa na miaka kumi na minane kamili.

Kijana mwenye umri halali naye haendi kwa fomu ya dukani. Anakwenda kutoka klabu hadi klabu. Shirikisho letu la TFF hutoa hati ya uhamisho wa kimataifa, ambayo wenyewe huiita ITC, na habari zake hupitia katika mtambo wa kompyuta wa FIFA. Wakala anatakiwa awe na leseni ya FIFA, ambayo tangu mwaka 2023 hupatikana kwa kufanya mtihani, na mkataba wake na mchezaji hauzidi miaka miwili. Mwulizeni namba ya leseni. Wakala wa kweli hatakasirika kuulizwa, kama vile dereva mwenye leseni asivyokasirika. Mkataba wenyewe wa kazi ya mpira usizidi miaka mitano, na kwa aliye chini ya kumi na minane usizidi mitatu. Klabu hairuhusiwi kusema kwamba mkataba utakuwa halali ikiwa tu kijana atafaulu kipimo cha daktari au atapata kibali cha kazi. Hayo huangaliwa kabla ya sahihi. Klabu ikikaa na mishahara ya miezi miwili bila kulipa, mchezaji anaweza kuipa notisi ya siku kumi na tano na kuuvunja mkataba. Na pasi ya kusafiria ni ya mwenyewe, akae nayo.

Kwa beki naongeza neno langu mwenyewe, ambalo halimo katika kanuni. Atazame vizuri sehemu ya marupurupu. Mikataba mingine huahidi nyongeza nono kwa kila goli. Kwa beki, ahadi hiyo ni sawa na kumwahidi mvuvi nyongeza kwa kila gunia la mahindi. Aombe nyongeza kwa mechi alizocheza na kwa mechi ambazo timu haikufungwa, na matibabu ya majeraha yaandikwe waziwazi, pamoja na nani atalipa iwapo ataumia mwezi wa mwisho wa mkataba.

Hata mkataba uliokaa sawa haumhakikishii mtu utulivu. Abdi Banda, beki kutoka Tanga aliyepitia Coastal Union na Simba, alikwenda Baroka ya Limpopo, Afrika Kusini, mwaka 2017. Desemba 2018 klabu hiyo ndogo ilitwaa Kombe la Telkom kwa kuishinda Orlando Pirates kwa penalti. Mwaka 2019 akahamia Highlands Park. Mwaka 2020 wenye Highlands Park wakaiuza nafasi ya klabu yao katika ligi kuu kwa TS Galaxy, na Banda akawa mchezaji wa TS Galaxy. Fikirini wafanyakazi wa kiwanda wanaoamka asubuhi na kukuta bango jipya mlangoni. Mwaka 2021 alirudi nyumbani akaichezea Mtibwa Sugar, jirani zetu wa Morogoro, kisha akaenda tena Afrika Kusini. Kurudi nyumbani hakukuwa mwisho wake, na wazazi walijue hili, maana vijana wengi waliokwama ugenini hawarudi kwa sababu ya kuogopa kuchekwa kijijini.

Mganda Ibrahim Sekagya ni mfano wa subira ambao ningependa vijana waujue. Alikwenda Argentina akiwa kijana, nchi ambayo haikumjua mtu wa Kampala, akaanzia katika klabu za daraja la chini hadi akafika Arsenal de Sarandí ya ligi kuu. Mwaka 2007 akahamia Red Bull Salzburg ya Austria, akakaa huko miaka sita na kutwaa ubingwa zaidi ya mara moja. Alimalizia New York Red Bulls mwaka 2014, akabaki katika klabu hiyo kama kocha. Huko nyumbani alikuwa nahodha wa timu ya taifa ya Uganda. Yeye ni beki wa kati, na picha za kuonyesha kwenye simu hana nyingi.

Lipo bado suala la fedha, na hapa nawageukia viongozi wa timu yetu. Katika kanuni zilezile lipo fungu linaloitwa la mshikamano. Mchezaji anapohamishwa kimataifa kabla ya mkataba wake kuisha na fedha zikalipwa, sehemu tano katika kila mia ya fedha hizo hukatwa na kugawiwa klabu zote zilizomlea tangu akiwa na miaka kumi na miwili hadi ishirini na mitatu. Tuseme, kwa mfano tu, beki amehamishwa kwa euro milioni moja. Elfu hamsini zitagawiwa. Klabu iliyokuwa naye kwa mwaka mmoja alipokuwa na miaka kumi na minne itapata euro elfu mbili na mia tano. Iliyokuwa naye mwaka mmoja akiwa na kumi na saba itapata elfu tano. Kwa fedha hizo tungechimba kisima uwanjani na kuweka nyavu za magoli kwa miaka mingi.

Lakini hulipwa klabu iliyosajiliwa, kwa mchezaji aliyesajiliwa, kwa tarehe zilizoandikwa. Niliomba kuona daftari la timu yetu. Nililetewa daftari lenye majina kumi na moja ya utani, mawili kati yake ni "Mashine" na "Bwana Shamba". Mashine akienda Ulaya kesho, Magindu haitapata hata senti, na hatutakuwa na wa kumlalamikia. Tena umri uandikwe wa kweli, kwa cheti cha kuzaliwa. Tanzania iliwahi kufuzu fainali za Afrika za vijana wa chini ya miaka kumi na saba za mwaka 2005, kisha ikaondolewa kwa ajili ya umri wa mchezaji mmoja, na vijana wote waliosema kweli wakabaki nyumbani pamoja naye.

Tume imeniagiza nimalize kwa mambo ya kutenda. Daftari jipya la timu liko mezani kwa katibu wa Halmashauri. Leo kila mzazi mwenye kijana mchezaji aandike jina kamili, tarehe ya kuzaliwa na siku aliyoanza kucheza, na asiye na cheti cha kuzaliwa aseme ili tumsaidie kukifuatilia RITA. Karatasi yoyote itakayoletwa kwenu kwa sahihi, ya mpira au ya kazi za ndani ugenini au ya shamba, msiiwekee sahihi siku hiyohiyo. Ileteni, Tume itatafuta wa kuisoma kwa Kiswahili. Na mwalimu akiwaambia ameielewa, mwambieni awasomee kwa sauti.

Wazazi watano waliolipa fomu, msione haya. Baki na stakabadhi zenu. Kama hamkupewa stakabadhi, andikeni tarehe, kiasi, na aliyeshuhudia. Tutakwenda nazo pamoja kwa mtendaji wa kata, na kama hapana budi, polisi.

Yule bwana amesema atakuja Jumamosi, saa tisa alasiri, uwanja wa shule. Mimi nitakuwepo tangu saa nane. Nitamwomba namba ya leseni yake, na nitamwomba aniambie, katika wale vijana ishirini na wawili, beki mzuri ni yupi na amemjuaje. Mpwa wangu amesema naye atafunga kibanda chake siku hiyo aje tusimame pamoja.